Rais Mpya wa Mutuelle, Anza na Daftari

Kura zimehesabiwa, wazee wamekupa baraka zao, akina mama wamepiga vigelegele. Sasa wewe ni rais wa chama cha kusaidiana, kile ambacho watu wa Dilala na Manika, hapa Kolwezi, hukiita mutuelle. Kesho yake simu haitulii. Mjane wa Kapata anauliza fedha za msiba wa mumewe zimefikia wapi. Aliyekupigia debe anataka cheo. Mgombea ubunge anaomba kupiga picha na wanachama. Usimjibu yeyote kwa haraka. Mtafute kwanza rais aliyekutangulia, uketi naye, daftari likiwa mezani.

Nasema hivi kwa sababu vyama vingi Kolwezi huzimika siku kiongozi mmoja anapofariki, anapohamia Lubumbashi au anapokosana na mweka hazina. Orodha ya wanachama, madeni na ahadi zilikuwa kichwani mwake, na fedha zilikuwa kwenye simu yake. Kwa hiyo mpango wako wa kwanza, na kwa maoni yangu ndio mkubwa kuliko yote, uwe kukiwezesha chama kuendelea bila wewe.

Mji huu hauna anasa ya kupoteza vyama hivi. Wazee wanakumbuka enzi za Union Minière, kampuni ya madini iliyoanzishwa 1906, na baadaye Gécamines baada ya serikali kuitaifisha mwaka 1967. Mfanyakazi alipata nyumba, shule ya watoto, hospitali, na unga kila mwezi. Kisha mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na uzalishaji wa shaba wa Gécamines, uliokuwa zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ukashuka chini ya tani 40,000 miaka kumi baadaye. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari uliogharimiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Tangu hapo jeneza, dawa na karo ni mzigo wa familia, na familia ikielemewa hukimbilia kwenye chama.

Katika kazi ya kukidumisha chama yupo mwalimu ambaye wengi hawatamtarajia: Wafrimasoni. Najua neno hilo linavyosikika huku. Mfanyabiashara wa madini akijenga ghorofa upesi, watu hunong'ona kwamba ni Mfrimasoni, ametoa mtu kafara. Mimi si mwanachama wao na simshawishi mtu ajiunge. Lakini chama kilichounda Loji Kuu yake ya kwanza London mwaka 1717, na ambacho hadi leo kinakutana na kuchagua viongozi, kina la kufundisha juu ya kudumu. Katika loji nyingi, yaani matawi yao, mkuu hukaa kitini mwaka mmoja tu. Walio chini yake wamepanda ngazi moja baada ya nyingine wakijifunza kazi, na aliyemtangulia hubaki karibu naye kama mshauri. Yupo ofisa ambaye kazi yake yote ni wagonjwa, wajane na wanachama waliopotea njiani. Hesabu hukaguliwa. Na mabishano ya dini na siasa hayaruhusiwi mkutanoni.

Afrika Mashariki ilipata kuona jinsi kiongozi wa chama kama hicho anavyoweza kupambana na uvumi. Sir Andy Chande, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1928 na kufariki 2017, aliongoza Wafrimasoni wa eneo hilo kwa miaka mingi. Maneno yalipozidi Tanzania, alijitokeza kwenye vyombo vya habari na kujibu maswali kwa jina lake na sura yake. Sidai kwamba uvumi uliisha. Ila kiongozi anayejibu hadharani anawapa wanachama wake jambo la kumjibu jirani, na anayenyamaza anamwacha jirani awasimulie wao. Kwenye chama chako uvumi hautahusu kafara. Utahusu kasha la fedha.

Turudi basi mezani kwa rais aliyeondoka. Andikeni pamoja waraka wa makabidhiano: wanachama wangapi wanalipa kwa kweli, nani anadaiwa, mjane yupi aliahidiwa nini, fedha taslimu ni kiasi gani, viti vya plastiki, hema na masufuria makubwa viko kwa nani. Ulizia hati za chama pia. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 ndiyo inayosimamia vyama visivyo vya faida nchini Kongo, na vyama vya kusaidiana vina sheria yao ya tarehe 8 Februari 2017. Je, katiba yenu imepita kwa mthibitishaji? Jalada liko wapi? Kama liko nyumbani kwa mtu, litoke huko, na nakala zikae kwa watu watatu. Mkimaliza, wekeni sahihi nyote wawili mbele ya mashahidi. Ukikuta pengo la fedha, liandike kama lilivyo bila kutoa shutuma. Mkutano ndio utakaoamua la kufanya, na mzee aliyeheshimiwa wakati wa makabidhiano hukusaidia baadaye kuliko mzee aliyeaibishwa.

Kisha, mkutano wa kwanza, simama na useme: "Ba papa, ba mama, ndugu zangu, hii ndiyo hazina niliyoikuta, na haya ndiyo madeni." Soma kila mstari. Usianze na ahadi za kujenga ukumbi.

Fedha zisikae kwenye simu ya mtu mmoja. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zimerahisisha mno michango ya walio Fungurume au Likasi, lakini laini imesajiliwa kwa jina la mtu, na mtu huyo akifa, chama kinabaki kuwabembeleza warithi wake. Fungueni akaunti ya chama inayohitaji sahihi zaidi ya moja. Simu itumike kupokelea tu, na salio lihamishwe kila wiki. Siku hiyo hiyo katibu aupige picha ukurasa wa daftari na kuutuma kwenye kundi la WhatsApp. Likelemba ya marafiki isichanganywe na hazina ya chama hata mara moja. Likelemba humpa mmoja mchango wote kwa zamu, na hazina ya msiba inapaswa kuwepo siku yoyote mauti yatakapobisha.

Sasa hesabu, ambayo viongozi wengi wapya huiruka. Tuseme mko 60, na kila mmoja hutoa faranga 5,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi hiyo ni 3,600,000 kwa mwaka. Fungua daftari uone nani amelipa. Theluthi moja wakiwa hawalipi, unabaki na 2,400,000. Mwaka uliopita mlikuwa na misiba mitano, na kila mmoja uliahidiwa 400,000: hiyo ni 2,000,000. Wagonjwa kumi waliopewa 80,000 kila mmoja ni 800,000. Chama kimeshapungukiwa na 400,000 kabla hakijanunua kiti kimoja. Punguza ahadi ya msiba hadi 300,000, nawe utailipa siku ya pili ya kilio, mbele ya watu, bila kuzungusha mtu. Ahadi ndogo inayolipwa papo hapo huleta wanachama wapya. Ahadi kubwa inayocheleweshwa huwafukuza hata wale wa zamani.

Hesabu hiyo haitoshi Kolwezi, kwa kuwa mifuko ya watu hapa inafuata bei ya kobalti. Mwaka 2018 tani moja ilivuka dola 90,000, na mwaka uliofuata ikaanguka hadi karibu theluthi ya bei hiyo. Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi, kisha Oktoba mwaka huo ikaleta mfumo wa mgao. Mchimbaji wa mikono, mwenye pikipiki, mama muuza bukari karibu na machimbo, wote huumia kwa pamoja, na wote ni wanachama wako. Basi wakati wa neema omba michango ya miezi mitatu kwa mara moja. Sehemu ya kila mchango iende kwenye akiba isiyoguswa bila kura ya mkutano. Hata sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 2010 ya OHADA, jumuiya ya Kiafrika ya sheria za biashara, ambayo Kongo inaifuata, inavitaka vyama hivyo vitenge akiba ya lazima. Na amueni mapema kama mchango ni wa faranga au wa dola, muandike, msibadilishe katikati ya mwaka.

Ukichukua jambo moja tu kutoka kwa Wafrimasoni, chukua yule ofisa wa wagonjwa. Mteue mtu mpole, mwenye miguu myepesi na mdomo mzito, ikiwezekana mama aliyewahi kuuguza. Ampigie simu kila mwanachama aliyekosa mikutano miwili. Aende Hospitali ya Mwangeji kabla familia haijaomba. Apewe nauli, na kiasi kidogo anachoweza kutoa bila kusubiri kikao, kisha atoe hesabu yake. Wajane awatembelee pia baada ya miezi sita, wakati waombolezaji wameshatawanyika na ndugu wa marehemu wameanza kuulizia nyumba.

Huyo huyo atunze orodha ya warithi. Tarehe 27 Juni 2019 machimbo ya KOV, hapa Kolwezi, yaliporomoka na kuua watu zaidi ya 40. Wachimbaji wengi hujulikana kwa majina ya utani, na familia zao ziko mbali, Dilolo, Sandoa, Kapanga, au ng'ambo ya Lualaba kabisa. Kwa kila mwanachama andika jina kamili, wilaya anakotoka, simu za ndugu wawili, na nani apokee fedha. Mwombe aweke sahihi mwenyewe. Karatasi hiyo itamaliza ugomvi mwingi mbele ya maiti.

Kuhusu siasa sitazunguka. Vyama vya watu wa asili moja vimekuwa kimbilio katika ukanda huu wa shaba, na vimewahi pia kugeuzwa silaha. CONAKAT, iliyozaliwa mwaka 1958, ilikuwa muungano wa vyama vya makabila ya Katanga. Julai 1960 viongozi wake walitangaza kujitenga kwa Katanga. Mwaka 1992 na 1993 maelfu kwa maelfu ya Wakasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala vituoni kungoja treni, na wengi walifia huko na njiani. Waliofukuzwa walikuwa majirani na wafanyakazi wenza. Kwa hiyo mwanasiasa akija na mfuko wa fedha, apokelewe kama mgeni, mchango wake usomwe kwa jina na kiasi, na asipewe kipaza sauti. Akikataa masharti hayo, arudi na fedha zake. Wekeni katika kanuni kwamba mwanachama wa kamati akigombea ubunge au uongozi wa mji, anaachia cheo. Na kama katiba yenu inamfungia mlango jirani wa asili nyingine anayelipa na kuzika pamoja nanyi, pelekeni mabadiliko mkutanoni. Hili naliomba kwa moyo wote.

Vijana hawatakuja kwa kuhimizwa. Wanaofanya kazi kwa zamu migodini hawawezi kukaa saa nne za hotuba siku ya Jumapili. Mkutano uwe wa saa moja na nusu, hesabu zitangulie, hotuba zifuate kwa wanaotaka kubaki. Mpe kijana mmoja unaibu katibu na binti mmoja unaibu mweka hazina, na wafanye kazi yenyewe: waandike, wahesabu, wakosolewe. Baada ya mwaka wabadilishane. Hao ndio watakaokaa kitini kwako.

Katika mkutano wako wa kwanza taja tarehe utakayoondoka, katibu aiandike kwenye kumbukumbu, na siku hiyo ikifika kabidhi daftari, ufunguo na muhuri kabla ya chakula.