Bunduki Ndogo Isipolia

Mtu aliyenunua bunduki yake ya kwanza, nayo ni ile ndogo ya .22 ya bei nafuu, mara nyingi huanza kujuta kabla ya mwezi kwisha. Avuta kifyatulio, bunduki hailii. Au imelia, lakini ganda limekwama ndani. Au alenga kopo, na risasi zaenda huku na huko. Basi husema ameuziwa kitu kibovu. Pengine ni kweli, lakini si mara nyingi. Maradhi ya bunduki hizi ni machache, na mengi yasomeka juu ya ganda la risasi, kama mwenyewe anayo subira ya kulitazama.

Yafaa kwanza tujue risasi yenyewe ilivyo. Katika risasi za bunduki kubwa fataki imetiwa katikati ya kitako cha ganda, na sindano ya bunduki hupiga hapo. Risasi ya .22 haina fataki ya namna hiyo. Dawa ya kuwashia baruti imetandazwa ndani ya ukingo wa kitako, na sindano huuponda ukingo huo juu ya mdomo wa nyuma wa kasiba. Namna hii ilianzishwa na Mfaransa, Louis-Nicolas Flobert, mwaka 1845. Na risasi itumiwayo sana hata leo, iitwayo.22 Long Rifle, ilitokea Marekani mwaka 1887. Ganda lake ni jembamba, kwa hiyo ni la bei ndogo.

Sasa bunduki isipolia. Hapa ndipo penye hatari, nami namwomba msomaji asome polepole. Usifungue komeo upesi, wala usiigeuze bunduki kuutazama mdomo wake. Iache imeelekea pale pale ulipolenga, uhesabu nusu dakika. Hata dakika nzima si hasara. Ni nadra, lakini huweza kutokea dawa ikawaka kwa kuchelewa, kisha risasi ikatoka. Mwalimu mmoja nimjuaye alifungua komeo mara ile ile, na ganda likapasuka nje ya kasiba. Kipande cha shaba kilimchana shavu. Jicho lilisalimika, lakini kovu liko upana wa kidole kimoja tu chini yake.

Ukiisha kungoja, toa risasi, uutazame ukingo. Ukiona alama ya sindano ni hafifu, au hakuna kabisa, kosa ni la bunduki: pengine komeo halikufungwa hata mwisho, au ndani yake mna mafuta ya kale yaliyogandana na vumbi, nayo yaizuia sindano. Wageni wa kazi hii hupenda kumimina mafuta mengi, wakidhani wanaitunza bunduki. Kumbe tone moja lililopanguswa kwa kitambaa latosha. Lakini alama ikiwa imezama vizuri, bunduki imefanya kazi yake, na yamkini dawa haikufika mahali pale pa ukingo. Irudishe risasi, uigeuze ili ipigwe upande mwingine. Ikilia, kosa ni la risasi; zikizidi katika kisanduku kimoja, nunua za kiwanda kingine. Isipolia tena, ngoja kama mwanzo, kisha itenge. Usiitupe njiani, maana watoto huokota.

Tena, sauti ikiwa dhaifu kuliko desturi, acha kupiga. Ondoa risasi zote, utoe komeo, utazame ndani ya kasiba kutoka nyuma. Risasi ikiwa imebaki humo, nyingine ikiifuata itaivimbisha kasiba au kuipasua.

Ganda kukwama kwatokana hasa na uchafu. Risasi nyingi za .22 ni risasi tupu iliyopakwa nta, na nta pamoja na masizi hujikusanya mahali ganda likaapo. Wapigao risasi fupi katika bunduki ya risasi ndefu huacha pete ya masizi mbele ya ganda fupi. Kisha ndefu huingia kwa shida na hutoka kwa shida zaidi. Dawa yake ni brashi na kitambaa, na mdeki upitishwe kutoka nyuma, usije ukaharibu mdomo wa mbele.

Iko sababu nyingine, nayo hujificha. Mwenye bunduki mpya hukaa barazani jioni akivuta kifyatulio hali bunduki ni tupu, apate kujizoeza. Katika bunduki nyingi za .22, hasa za zamani, sindano isiyo na ukingo wa kuuponda hupiga chuma cha kasiba chenyewe, na kila pigo huacha kovu. Kovu likikua, ganda halikai sawasawa. Hapo usijaribu tupa nyumbani. Mpelekee fundi mwenye leseni.

Kuhusu shabaha, bunduki ikiwa tupu, kaza kwanza skrubu zinazoshika kasiba na mti, kwani katika bunduki za bei nafuu hulegea upesi. Kisha weka karatasi mbele ya kichuguu kikubwa, mita 50, wala usipige mahali pasipo na udongo nyuma, maana risasi hii ndogo huweza kwenda zaidi ya kilometa moja. Laza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, upige tano. Zikikusanyika mahali pamoja mbali na alama, rekebisha shabaha ya bunduki. Zikitawanyika, jaribu risasi za kiwanda kingine, kwa kuwa kila kasiba ina chaguo lake. Na za kwanza baada ya kupaka mafuta usizihesabu.