Haki ya Ndege Aliye Tunduni

Mwenye kuchunguza mafundisho ya Uislamu aweza kuuliza: Je, ni halali kumfuga ndege tunduni? Hadithi za Bukhari na Muslim zatupa jibu. Abu Umair, mdogo wake Anas bin Malik, alikuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Mtume Muhammad s.a.w. alimwuliza kwa upole habari za ndege huyo, wala hakumkemea. Lakini Mtume s.a.w. huyo huyo alieleza habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie. Basi kufuga kumeruhusiwa. Kufungia bila kulisha ni dhambi.

Sasa, ndugu msomaji, kulisha ni nini? Tuseme mtu wa Njombe anafuga chiriku waliozaliwa tunduni, kwani Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kukamata wa mwituni bila kibali. Chakula chao ni mbegu ndogo, kama ulezi na uwele, kavu zisizo na ukungu. Waongezewe majani mabichi yaliyooshwa, maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa, na maji safi kila siku. Wenye makinda wapewe pia yai lililochemshwa. Parachichi, tunda lililoipatia Njombe sifa, wasipewe kamwe, maana laweza kuwaua.

Tena iko hatari iliyojificha. Chiriku humenya kila mbegu, akala kiini na kuacha ganda chomboni. Mfugaji atazamaye kwa mbali huona chombo kimejaa, kumbe ni maganda matupu! Ndege mdogo namna hii haistahimili njaa muda mrefu, hasa katika baridi ya Juni na Julai, ambapo mwili wake wahitaji chakula zaidi ili upate joto. Kwa hiyo kila asubuhi pulizeni maganda, mtazame kilichobaki, ndipo muongeze.

Pengine mtu atasema: Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuruzuku. Ni kweli, na Sura Hud yafundisha hivyo. Lakini ndege wa porini akikosa mbegu hapa huruka kwenda kule. Huyu umemfungia mlango, na riziki yake sasa hupitia mkononi mwako.

Basi anayepanda gari Makambako kwenda Dar es Salaam asitosheke kumwachia jirani mfuko wa ulezi. Amfundishe kwanza kupuliza maganda.