Kiharusi Kikipita, Hesabu Alama

Tuseme mzee wa miaka 64 yuko shambani huko Iramba, anavuna alizeti. Ghafla mkono na mguu wa kulia vinalegea. Kisu kinamponyoka. Baada ya nusu saa nguvu zinarudi. Watu wanasema ni upepo mbaya umempitia, naye anaendelea kuvuna.

Ndugu msomaji, huo si upepo. Ni kiharusi kidogo. Mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo uliziba, kisha ukazibuka. Kiharusi kikubwa kinaweza kufuata, na siku 2 za kwanza ndizo za hatari zaidi.

Mwaka 2007 madaktari wa Marekani na Uingereza walitoa hesabu ya kukadiria hatari hiyo. Umri wa miaka 60 au zaidi ni alama 1. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi, alama 1. Kulegea upande mmoja wa mwili, alama 2; kama ni kusema tu kulikoharibika, alama 1. Dalili zikikaa dakika 10 hadi 59 ni alama 1. Zikifika saa nzima ni 2. Kisukari, alama 1. Zote ni 7.

Mzee wetu alipimwa presha ikawa 160 kwa 100. Hana kisukari. Jumlisha: 1 na 1 na 2 na 1. Amepata 5. Katika kila watu 100 wenye alama 4 au 5, kama 4 walipata kiharusi ndani ya siku 2. Wenye 6 au 7 walikuwa 8. Wenye alama 3 kushuka chini alikuwa 1. Lakini huyo 1 naye ni baba wa watu, kwa hiyo alama chache zisimbakize mtu nyumbani. Apelekwe kwa mganga siku ile ile.

Msimpe aspirini kwa kukisia. Kiharusi kingine hutokana na mshipa kupasuka, na dawa hiyo huzidisha kuvuja kwa damu.

Aliyekwisha kupooza naye yumo hatarini, hasa mwaka wa kwanza. Wengi huacha vidonge vya presha wakiona wanatembea vizuri. Presha haiumi; hujulikana kwa kupimwa tu. Apimwe kila aendapo kuchukua dawa. Apunguziwe chumvi, na magadi kwenye mlenda. Sigara aache kabisa. Vidonge vikibaki vya wiki moja, afuate vingine.