Kutoka Jukwaa la Shule hadi Chuo cha Uigizaji: Mwongozo kwa Wanafunzi na Wazazi wa Taita Taveta

Kila muhula wa kwanza, shule za Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta huingia kwenye mashindano ya tamasha la drama, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayetoka jukwaani akiwa na hakika kwamba uigizaji ndio kazi yake. Hakika hiyo ni njema. Lakini makofi ya tamasha hayamwingizi mtu chuoni. Nafasi za shahada katika vyuo vikuu vya umma hugawiwa na KUCCPS, shirika lililoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, na KUCCPS haimwoni mtahiniwa akiigiza. Inaona gredi zake za KCSE: C+ au zaidi kwa shahada, C- kwa diploma, D kwa cheti cha ufundi. Kijitabu hiki kinashikilia jambo moja, kwamba anayeomba masomo ya uigizaji anapaswa kujiandaa mara mbili, darasani na jukwaani, na maandalizi yote mawili yaanze angalau miaka miwili kabla ya kujaza fomu.

Tuanze na darasa, kwa kuwa hapo ndipo wengi wenye kipaji huangukia. Pamoja na gredi ya jumla, ambayo hutokana na masomo saba yenye upeo wa alama 84, KUCCPS hupima masomo manne yanayohusiana na kozi iliyoombwa, yenye upeo wa alama 48. Basi mwanafunzi aliyefikisha C+ bado anaweza kupitwa na mwenzake mwenye alama bora katika masomo hayo manne. Katika kozi za sanaa, lugha huwa na uzito mkubwa. Lakini mazoezi ya tamasha huanza mapema mwanzoni mwa mwaka na fainali za kitaifa kwa kawaida hufanyika Aprili. Anayefika mbali mashindanoni hupoteza wiki nyingi za masomo, na ndiye anayehitaji zaidi mpango wa kuzifidia. Shule inayomtoa mwanafunzi darasani akawakilishe jina lake ina deni la kumfundisha alichokikosa, na mzazi ana haki ya kuuliza deni hilo litalipwa lini.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa alama ndizo zinazoamua, jukwaa la nini tena? Kwanza, si kila mlango unafunguliwa na KUCCPS. Vyuo vingi vya uigizaji nje ya nchi, hasa Marekani na Uingereza, humchagua mwombaji kwa usaili: aigize mbele ya walimu, au kwanza atume video. Mwigizaji Lupita Nyong'o alisoma shahada ya kwanza katika chuo cha Hampshire, kisha akaingia shule ya uigizaji ya Yale, akahitimu mwaka 2012, na mwaka 2014 akapata tuzo ya Oscar. Safari hiyo inaonyesha pia kwamba chuo cha uigizaji si lazima kiwe hatua ya kwanza baada ya sekondari. Pili, hata hapa nchini, anayeingia katika kozi ya tamthilia na filamu, kwa mfano Chuo Kikuu cha Kenyatta, atatakiwa kuigiza, na asiyewahi kusimama mbele ya watu ataanza nyuma ya wenzake.

Kwa usaili, mwombaji kwa kawaida huandaa maneno ya wahusika wawili wanaotofautiana, mmoja mzito na mwingine mwepesi, kila mmoja kwa dakika moja au mbili. Ayachague kutoka tamthilia aliyoisoma yote. Vitabu vya kutahiniwa tayari anavyo mkononi. Bembea ya Maisha ya Timothy Arege ni mfano mmoja. Hapa pana mtego kwa mtoto wa tamasha. Jukwaa la mashindano limemfundisha kupaza sauti ifike nyuma ya ukumbi, kunyoosha mkono pamoja na kundi, kumtazama hakimu. Lakini kamera ya simu, inayorekodi video ya usaili, iko hatua mbili kutoka usoni. Inataka mtu anayezungumza na mtu mwingine, na macho yanayosikiliza. Kwa hiyo arekodi karibu na dirisha lenye mwanga, nyuma pawe na ukuta mtupu, bila muziki wala madoido, kisha ajitazame na kurudia kwa siku kadhaa.

Wapo wanaosema kipaji hakifundishwi. Lakini hata ngoma ya mwazindika ya Wadawida haipigwi na aliyeamka tu asubuhi akaishika. Mpigaji hukaa na wanaoijua hadi mkono uzoee. Pingamizi la kazi ni zito zaidi. Mzazi wa Voi anaona Chuo Kikuu cha Taita Taveta karibu, chenye sifa ya masomo ya madini, na kumpeleka mwana kusomea maigizo kunaonekana kama kamari. Ni kweli kwamba mapato ya mwigizaji huja na kukatika. Ila wanaosomea fani hii hupata pia kazi katika redio, utayarishaji wa filamu na ualimu. Francis Imbuga aliandika tamthilia huku akifundisha chuo kikuu. Na sasa mtaala mpya umeweka mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika sekondari ya juu, ukiwa na somo la Maigizo na Filamu, na somo hilo halitafundishwa bila walimu waliolisomea. Mwenye hofu ya kipato anaweza kuomba shahada ya ualimu wa lugha na fasihi na kuendelea kuigiza.

Kuhusu ada, ifahamike mapema kwamba kupata nafasi si kupata fedha: mkopo wa HELB huombwa kando, kwa fomu yake na tarehe zake. Kozi ya diploma, kama zile za utayarishaji katika Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya KIMC jijini Nairobi, ni njia halali kwa aliyekosa C+. Kabla ya kwenda saiba kujaza chochote, majina ya cheti cha kuzaliwa na ya KCSE yalinganishwe herufi kwa herufi. Tofauti ikipatikana, ishughulikiwe wakati mwanafunzi angali shuleni.