MADA YA SABA: KUCHORA SURA YA MTU KUTOKA KWENYE PICHA YA KAMERA KWA ZANA ZA KIDIJITI

Malengo ya mada

Ukimaliza mada hii uweze:
(a) kutofautisha kuchora na kubadili picha kwa kichujio;
(b) kueleza hatua za kuchora sura kwa kompyuta, kishikwambi au simu;
(c) kutaja makosa ya kawaida na namna ya kuyarekebisha;
(d) kujadili ridhaa na hakimiliki ya picha unayoitumia.

1. Utangulizi

Mchoro wa sura ni kazi ya sanaa inayomwonesha mtu fulani kiasi kwamba anayemfahamu atamtambua. Kabla ya kamera, mhusika alilazimika kukaa mbele ya mchoraji kwa saa nyingi. Kamera ilipoenea katika karne ya 19, wachoraji wengi walianza kutumia picha kama kielelezo. Mmarekani Chuck Close, kwa mfano, aligawa picha kwa miraba, kisha akahamisha mraba mmoja mmoja kwenye turubai kubwa. Mwingereza David Hockney alianza kuchora kwa iPhone mwaka 2009 na kwa iPad mwaka 2010. Zana zimebadilika, lakini kazi ya mchoraji ni ileile: kutazama, kuamua na kuweka rangi.

2. Kichujio na uchoraji

Programu nyingi zina kitufe kinachoifanya picha ionekane kama imepakwa rangi. Hicho ni kichujio. Kichujio cha kawaida hubadili pikseli zote kwa kanuni moja. Hakijui jicho ni lipi na ukuta ni upi. Mchoraji huchagua. Hukazia macho, hulainisha mandhari, huondoa kivuli kisichohitajika na kuongeza kile ambacho kamera haikukipata. Ukiulizwa tofauti, jenga jibu lako juu ya neno moja: uamuzi.

3. Istilahi za kukumbuka

Pikseli: nukta ndogo ya rangi inayounda picha ya kidijiti.
Tabaka: karatasi angavu ya kufikirika inayolazwa juu ya nyingine. Ukikosea kwenye tabaka moja, mengine hayaharibiki.
Uwazi: kiwango ambacho rangi au tabaka huonesha kilicho chini yake.
Toni: kiasi cha weupe au weusi wa rangi, yaani mwanga na kivuli.
Brashi: zana ya kupaka rangi, unaweza kubadili ukubwa, ulaini na uwazi wake.

Programu zinazotumika sana ni Photoshop na Procreate, ambazo hulipiwa, na Krita, ambayo ni ya bure kwenye kompyuta. Huhitaji kalamu ya kidijiti ili kuelewa mada hii. Hata kidole juu ya kioo cha simu kinatosha kufanya mazoezi.

4. Mfano wa kufanyia kazi

Chukua hali hii, ambayo wachoraji wetu hukutana nayo mara kwa mara. Mteja amefiwa na mama yake. Picha pekee iliyobaki ni ya pasipoti, ya miaka mingi, imepauka. Anataka mchoro wa ukubwa wa A4 wa kutundika sebuleni. Ukiharibu sura, umempa picha ya mtu mwingine. Ukiharibu picha yenyewe, hakuna nyingine. Fuata hatua zifuatazo.

Hatua ya kwanza: kupata nakala nzuri. Piga skani, usichore wala kufuta chochote kwenye picha halisi. Picha ya pasipoti yenye milimita 35 kwa 45, ikipigwa skani kwa nukta 600 kwa inchi, hutoa takriban pikseli 827 kwa 1063. Karatasi ya A4 iliyochapwa kwa nukta 300 kwa inchi huhitaji pikseli 2480 kwa 3508. Maana yake ni kwamba picha hii ina chini ya nusu ya upana unaotakiwa. Ukiivuta tu itakuwa na ukungu. Hapa ndipo uchoraji unapokuwa na kazi ya kweli: unajaza kwa ujuzi wa maumbile ya uso kile ambacho picha haina. Kama picha imo kwenye simu ya ndugu, mwombe aitume kama faili na siyo kama picha ya kawaida ya WhatsApp, kwa kuwa ya kawaida hupunguzwa ukubwa.

Hatua ya pili: kuandaa turubai. Fungua turubai ya pikseli 2480 kwa 3508. Weka picha kwenye tabaka la chini, ongeza uwazi wake hadi uione kwa mbali, kisha ulifunge tabaka hilo lisisogee.

Hatua ya tatu: mchoro wa mistari. Kwenye tabaka jipya, weka alama za umbo la kichwa. Pima kwa kanuni hizi: mstari wa macho hupita karibu na katikati ya kimo cha kichwa, nafasi kati ya macho mawili hukaribia upana wa jicho moja, upana wa uso wa mbele hukaribia macho matano. Kanuni hizi ni za wastani. Kufanana kunatokana na pale mtu anapotofautiana na wastani: macho yaliyokaribiana, mdomo ulioinama upande mmoja, mwanya. Usivisawazishe vitu hivyo.

Hatua ya nne: toni kabla ya rangi. Paka kwanza kwa kijivu: mwanga, kati, kivuli. Finya macho ukitazama. Mambo madogo hupotea na maumbo makubwa ya kivuli hubaki. Picha za pasipoti humulikwa kutoka mbele, hivyo uso huonekana bapa. Chagua upande mmoja wa mwanga, kisha weka kivuli kidogo kando ya pua, chini ya mdomo na chini ya kidevu. Ongeza kwa uangalifu, kwa sababu kivuli kikali hubadili umbo la uso.

Hatua ya tano: rangi. Usichukue rangi moja kwa moja kutoka kwenye picha iliyopauka. Picha za zamani mara nyingi huelemea wekundu au umanjano. Mwulize mteja mama yake alikuwa wa rangi gani, na nani katika ukoo anafanana naye. Kumbuka kwamba ngozi nyeusi si rangi moja. Kwenye kivuli hubeba hudhurungi nzito, wekundu au zambarau. Kwenye paji la uso na ncha ya pua hung'aa kwa rangi ya mwanga ulioipiga, hata ubuluu wa anga. Ukiweka kivuli kwa nyeusi tupu, ngozi huonekana kama imeungua. Ukiweka mng'ao kwa nyeupe tupu, huonekana kama imepakwa unga.

Hatua ya sita: kumalizia. Tumia brashi kubwa kwanza, ndogo mwishoni. Weka ukali kwenye macho na mdomo. Acha mabega na mandhari yawe laini. Pindua mchoro kushoto kwenda kulia ili makosa ya ulinganifu yajitokeze. Zima tabaka la picha na utazame mchoro peke yake. Mwoneshe mteja kabla ya kuchapa, kwa sababu yeye ndiye anayeijua sura ile.

5. Makosa ya kawaida

(a) Kuchora kila unywele na kila jino. Mchoro hukakamaa. Paka nywele kama fungu lenye mwanga na kivuli, kisha ongeza nyuzi chache.
(b) Kuamini kamera kupita kiasi. Picha iliyopigwa kwa karibu sana na simu hukuza pua na kupunguza masikio. Ukipiga mwenyewe, simama umbali wa mita moja na nusu au zaidi.
(c) Kufanya kila kitu kwenye tabaka moja. Kosa dogo hulazimisha kurudia kazi yote.
(d) Kulainisha ngozi mpaka mikunjo yote inaondoka. Mzee anakuwa kijana, na familia haimtambui.

6. Ridhaa na hakimiliki

Picha ina watu wawili wa kufikiriwa: aliyepigwa na aliyepiga. Nchini Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda pia kazi za upigaji picha. Kuipaka picha rangi hakuifanyi iwe yako.

Kesi moja ya Marekani inafaa kukumbukwa. Mwaka 1981 mpiga picha Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince. Mwaka 1984 Andy Warhol aliitumia kutengeneza mfululizo wa picha za rangi. Prince alipofariki mwaka 2016, jarida moja lilichapisha mojawapo na kuulipa wakfu wa Warhol dola 10,000; Goldsmith hakulipwa. Mei 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji saba dhidi ya wawili, ilikubaliana na Goldsmith: picha zote mbili zilitumika kwa lengo lilelile la kumwonesha Prince kwenye majarida, na kwa biashara.

Funzo kwako: tumia picha uliyopiga mwenyewe, au omba ruhusa, na utaje chanzo.

7. Swali la mfano na jibu

Swali: "Anayetumia picha ya kamera kama kielelezo hachori, ananakili." Jadili kauli hii. (Alama 10)

Muundo wa jibu: Anza kwa kufafanua kuchora na kunakili (alama 2). Toa hoja mbili zinazounga mkono kauli, kwa mfano matumizi ya kichujio peke yake na kufuatisha mistari bila kuelewa umbo (alama 3). Toa hoja tatu zinazoipinga: mchoraji huchagua mwanga, husahihisha upotoshaji wa kamera, hujaza kisichoonekana (alama 4). Hitimisha kwa msimamo wako (alama 1). Watahiniwa wengi hutaja hoja bila mfano. Kila hoja ipe mfano mmoja kutoka kwenye kazi uliyoifanya kwa mikono yako.

8. Maswali ya marudio

1. Eleza kwa nini toni hupakwa kabla ya rangi.
2. Picha ina upana wa pikseli 640. Ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, itakuwa na upana wa sentimita ngapi? (Jibu: takriban 5.4)
3. Taja faida tatu za kutumia matabaka.
4. Rafiki yako amechora sura ya mwanamuziki kutoka kwenye picha ya gazeti na anataka kuiuza kwenye fulana. Mshauri.
5. Chora sura ya mtu wa nyumbani kwenu kutoka kwenye picha uliyoipiga mwenyewe kwa ridhaa yake. Andika sentensi tano kueleza mambo uliyoyabadili na sababu zake.