Loropetalamu: mkasi ni sasa, si Septemba

Aprili imeingia, na kuanzia Texas hadi North Carolina loropetalamu zinamalizia maua. Ndugu zetu mnaofanya kazi ya kutunza bustani huku kusini mwa Marekani mnaijua hata kama jina lake mnalisikia leo: ni kile kichaka cha majani ya zambarau kilichojaa mbele ya benki na kando ya maegesho ya magari, kisichopukutisha majani hata baridi ikija. Maua yake hutoka kwa vishada, kila ua na petali nne nyembamba zilizojikunja kama vipande vya utepe. Asili yake ni China na nchi jirani, na yenye maua meupe ilikuwa ikipandwa ughaibuni muda mrefu. Hii ya zambarau, iliyotoka mkoa wa Hunan, ilienea Marekani miaka ya 1990. Ukoo wake uko hata kwetu: misitu ya milimani ya Kenya na Tanzania ina Trichocladus, binamu yake asiye na mbwembwe.

Kama kuna kupogoa, pogoeni wiki hizi, maua yakishanyauka tu. Matawi yatakayochipua sasa ndiyo yatakayobeba vitumba vya mwaka ujao, kwa hiyo anayepitisha mashine mwezi Septemba anafagia maua ya Machi. Tena machipukizi yatakayofuata hayatakuwa yamekomaa jalidi ikianguka. Tumieni mkasi wa mkono: fuateni tawi refu hadi ndani ya kichaka, mlikate pale linapoungana na jingine. Najua mwenye nyumba anataka boksi lililonyooka. Mwambieni kwa upole kwamba mmea huu kwa umbile lake hutanua matawi na kuyainamisha, na akishauriwa vizuri huenda akalipenda umbo hilo.

Mara nyingi, lakini, kosa lilifanyika siku ya kununua. ‘Zhuzhou Fuchsia’ hupita mita 3. Ukiipanda chini ya dirisha umejiajiri kukata milele. Hapo panafaa ‘Purple Pixie’, inayotambaa na kwa kawaida haizidi sentimita 60, au ‘Purple Diamond’ ya mita moja na nusu hivi. Someni kibandiko cha kitaluni kabla ya kutazama bei.

Sasa suala linalowachanganya wengi. Majani mapya yanatoka madogo, mazito, yamejikunja kama kikombe, na ncha za matawi zimedumaa. Watu hukimbilia dawa ya utitiri. Zamani hata wataalamu waliwashuku wadudu hao, ila uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Florida ulionyesha kwamba tatizo ni upungufu wa shaba. Fosforasi ikizidi udongoni, au udongo ukikosa uchachu, mizizi hushindwa kuipata shaba hata kama ipo. Kwa hiyo pimeni udongo kwanza. Kiwango kizuri ni pH 5.5 hadi 6.5. Acheni mbolea yenye fosforasi nyingi, na msimwage chokaa karibu. Majani yanyunyizieni dawa ya ukungu yenye shaba kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, wala msizidishe. Waliolima kahawa Kilimanjaro au Kivu wanaujua mrututu. Ni shaba ileile.

Msichanganye hali hiyo na vinundu vyeusi vyenye mikwaruzo kwenye matawi. Hivyo huletwa na bakteria, Pseudomonas savastanoi, na tawi lililozungukwa na kinundu hukauka lote kuanzia hapo kwenda juu. Dawa ya kuponya haipo. Kateni chini kabisa ya kinundu, siku kavu, na baada ya kila mkato futeni mkasi kwa spiriti ya asilimia 70. Wafanyakazi wanaohama bustani tano kwa siku na mkasi mmoja ndio wanaousambaza ugonjwa huu bila kujua. Matawi yaliyokatwa yafungwe kwenye mfuko yatupwe, yasiingie kwenye mboji.

Kwa mnaopanda mipya: udongo mwekundu wa Georgia hushika maji, na loropetalamu huoza mizizi upesi. Bonge la mizizi likae juu kidogo ya usawa wa ardhi, tandazeni maganda ya misonobari, ila yasiguse shina. Jua la nusu siku linatosha, ingawa kivulini zambarau hufifia ikawa kijani cha matope. Mwagilieni kwa kina mara moja au mbili kwa wiki hadi kiangazi cha kwanza kipite.