Elimu ya Afya: Protoni au Fotoni kwa Saratani ya Umio?

Mionzi ya fotoni, iliyo jamii ya eksirei, huupenya uvimbe na kutokea upande wa pili wa mwili. Protoni huachia nguvu yake nyingi kwenye uvimbe na kukomea hapo. Kwa kuwa umio hupita nyuma ya moyo, kati ya mapafu, protoni huviepusha viungo hivyo na mionzi mingi. Utafiti wa Houston, Marekani, uliochapishwa mwaka 2020, ulionesha protoni ina madhara machache. Lakini baada ya miaka 3, waliokuwa hai walikuwa asilimia 44.5 kwa kila tiba. Hivyo, ndugu mwananchi, usiuze shamba kuifuata protoni ng'ambo. Fotoni inapatikana Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Chakula kikianza kukwama kooni, wahi zahanati upewe rufaa.